Katibu Aliyetutembeza Barabarani

Kitu cha kwanza alichoangalia kwa mtu kilikuwa viatu. Ulimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako miguuni mwako, na kama umevaa kandambili asubuhi ya msafara, alikurudisha nyumbani bila kukusikiliza. Nilimwona akimrudisha mke wa mchungaji. Mama wa watu alikuwa amesimama mbele ya kanisa na sare yake mpya, akatabasamu akidhani anataniwa.

"Kandambili ikikatika barabarani unainama," Katibu alimwambia. "Ukiinama, dereva hakuoni. Nenda kabadilishe, tunakusubiri."

Na kweli tulimsubiri, wote, kwenye mvua.

Tulimwita Katibu. Jina lake lilikuwepo, lakini mjini Tukuyu ukisema Katibu bila kuongeza neno, watu walijua unamsema nani, hata baada ya umoja wa wanawake wa usharika wetu kuchagua makatibu wengine. Kazi aliyojulikana nayo haikuwa mihtasari ya vikao. Ilikuwa kututembeza barabarani. Kila mwaka wanawake wa sharika za jirani walikutana Masukulu kwa maombi, na sisi wa mjini tulikwenda kwa miguu, tukishuka na lami inayokwenda Kyela, kisha tunaiacha na kuingia barabara ya vumbi. Ijumaa Kuu kulikuwa na msafara wa msalaba kuzunguka mji. Kulikuwa na misiba ya kusindikiza. Wafanyakazi wa mashamba ya chai walipotaka kutembea pamoja kwenda kumzika mwenzao, walimfuata yeye. Popote watu wengi walipotaka kupita barabarani kwa pamoja, yeye alitangulia.

Katika miaka yote hiyo alikufa mtu mmoja. Nalisema mapema kwa sababu siwezi kumweleza Katibu bila kumweleza marehemu yule.

Barabara yetu ni nyembamba na ina kona nyingi, na malori yanayokwenda mpakani na kurudi hayapumziki. Wageni wakija Rungwe husifu ukungu unaolala juu ya chai asubuhi. Sisi tunaujua ukungu huo kwa namna nyingine. Unasikia lori kabla ya kuliona, hujui liko mbali kiasi gani, na ukitaka kukaa pembeni unakuta pembeni hakuna, kuna mtaro.

Sheria zake zilikuwa chache. Tulitembea mkono wa kulia, tukitazamana na magari yanayokuja, wawili wawili, na penye wembamba mmoja mmoja. Watoto na wasiojiweza walikaa upande wa majani. Wazee waliwekwa mbele, si nyuma, ili mwendo wa kundi zima uwe mwendo wao. Msafara mrefu aliukata vipande, kila kipande na wazee wake mbele, akaacha nafasi kati ya kipande na kipande ili gari linalopita lipate mahali pa kurudi upande wake. Yeye alitembea mbele amevaa reflekta ya rangi ya machungwa, na bendera nyekundu mkononi. Nyuma kabisa alitembea mwanamke mwingine, amevaa vilevile, naye alikuwa na bendera na filimbi. Simu za masikioni zilikatazwa. Mwavuli ulikatazwa pia, na kukataza mwavuli Tukuyu ni sawa na kukataza ndizi, lakini alisema mwavuli unamfanya mtu awe kipofu wa upande mmoja. Tulilowa. Tulinung'unika na tukalowa.

Zipo kona za kulia ambako ukuta wa udongo unaficha kila kitu. Hapo alitusimamisha, akaenda mbele peke yake kusikiliza, kisha akatuvusha hadi upande wa kushoto, tukaimaliza kona huko, halafu akaturudisha. Na penye kona hakukuwa na kuimba. Jambo hilo liliwaudhi sana wanakwaya, nami nikiwa mmoja wao.

"Mama Katibu, tuko katikati ya ubeti," kiongozi wetu alimwambia siku moja.

"Mtaumalizia mbele. Kona inasikilizwa."

Alikuwa wa kizazi kilichokuzwa na Kinyakyusa, na Kiswahili chake kilibeba sauti za nyumbani. Barabara kwake ilikuwa "balabala". Vijana walimwigiza nyuma ya mgongo wake, naye alijua, na hakujali.

Siku kadhaa kabla ya kila msafara alikwenda kituo cha polisi. Nilimsindikiza mara moja nikiwa bado msichana, kwa sababu mama yangu alitaka nijifunze kukaa na watu wazima. Askari wa zamu alikuwa kijana mgeni.

"Mama, si mnakwenda kusali? Polisi wa nini?"

"Kusali tutasali Masukulu," alisema Katibu. "Balabala ni yako."

"Kwa hiyo unaomba ruhusa."

"Hapana, mwanangu. Sheria inataka nikupe taarifa. Nimekupa. Naomba trafiki asimame pale njia panda mpaka tupite."

Kijana alicheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye benchi kumsubiri mkubwa wa kituo, tukakaa mpaka njaa ikaniuma, na trafiki tukapewa. Wakati wa kurudi nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo, wakati sharika nyingine hutembea tu bila kumwambia mtu.

"Siku jambo likiharibika watauliza nani alijua," alisema. "Nataka iwe walijua."

Nilidhani wakati ule kwamba ni mtu wa kujikinga na lawama. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa haamini kabisa kwamba tutafika. Kila msafara kwake ulikuwa ajali ambayo bado haijatokea. Tulipoingia Masukulu, wenyeji walikuja kutupokea kwa vigelegele, wakatukumbatia, wakatuletea maji ya kunawa na chai ya maziwa, na wanawake waliokuwa wakilalamika njia nzima wakaanza kucheza. Katibu alijitenga, akavua viatu, akakaa kwenye nyasi na uso wa mtu aliyetoka msibani. Mwaka mmoja nilimpelekea kikombe cha chai nikamwuliza mbona hafurahi.

"Bado kurudi," alisema.

Hakuwa mtu mpole, na sitamfanya awe mpole kwa kuwa namwandika. Alishikilia ugomvi kwa miaka. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kutoka kwenye mstari ili apokee simu, naye akamwita mzembe mbele ya wakwe zake. Mzee akaacha kumsalimia, na yeye akaona sawa tu. Hakumshukuru mtu. Aliyefanya vizuri alinyamaziwa, aliyekosea alisemwa. Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji, juu ya mteremko, na ndani mlikuwa kimya, kwa sababu mume alikwisha kufa na binti yake mmoja alikuwa Mbeya na maisha yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na huyo alizungumza naye vizuri kuliko alivyozungumza na sisi.

Tena alikuwa na mambo ambayo sikuyaelewa. Akiwa peke yake hakufuata hata moja ya sheria zake. Alipita katikati ya barabara ya sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, bodaboda wakimpigia honi kushoto na kulia, hageuki. Alipanda bodaboda kwa kukaa upande, bila kofia, mkoba umening'inia. Nilimwambia siku moja kwamba anatutia aibu sisi anaotufokea.

"Mimi ni mmoja," alinijibu. "Nikifa mimi ni msiba wa nyumba moja. Ninyi ni nyumba nyingi."

Reflekta zetu zilishonwa na fundi cherehani Mwislamu pale mjini, ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka Tukuyu na hakurudi. Kwa sababu ya kazi hiyo walizoeana. Mwaka mmoja fundi alimwomba aende kuwapanga watoto wa madrasa kwa ajili ya matembezi ya Maulidi, kwa kuwa mwaka uliotangulia gari lilikuwa limewapitia karibu sana. Baadhi ya wanawake wa usharika walinong'ona. Katibu alijifunga khanga kichwani akaenda. Fundi alinisimulia mwenyewe, akicheka mpaka akavua miwani, jinsi alivyowasimamisha maustadhi wote penye kona na kuwaambia kwamba hapo hata kaswida hakuna.

"Tukatii," alisema fundi. "Yule mama ukimtazama unatii tu. Hujui kwa nini."

Hilo ndilo lililokuja kumtesa.

Mtu wa nyuma katika misafara yetu alikuwa Mama Lusajo, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyeuza maparachichi karibu na stendi. Yeye na Katibu hawakupendana. Waliwahi kugombea uongozi wa umoja, na maneno yaliyosemwa wakati ule hayakusahaulika. Mama Lusajo alimwita Katibu "mkoloni" waziwazi, naye Katibu alimwona Mama Lusajo ni mtu wa kelele. Hata hivyo kila mwaka, wakati wa kugawa kazi, reflekta ya nyuma ilikwenda kwa Mama Lusajo, na Mama Lusajo aliipokea na kuivaa, akilalamika kwamba inambana kifua.

Mama yangu alimwuliza Katibu kwa nini hampi mtu anayeelewana naye.

"Nyuma simweki ninayempenda," alisema. "Namweka ninayemwamini. Wa mbele akikosea tutarudi. Wa nyuma hakosei."

Na sheria ya wa nyuma ilikuwa moja, tuliisikia kila mwaka kabla ya sala ya kuondoka. Wa nyuma hasogei mpaka mtu wa mwisho awe ametoka barabarani.

Asubuhi ya ajali, tukienda Masukulu, kulikuwa na ukungu, na Katibu alikataa tuondoke. Tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa mpaka ukungu ukainuka, watu wakasema tutachelewa, yeye akasema bora tuchelewe. Trafiki alikuwepo njia panda. Viatu vilikaguliwa. Nayataja haya kwa sababu baadaye watu walizua mengi. Hakuna kilichosahauliwa.

Mimi nilikuwa kwenye kundi la mwisho. Tulikuwa kwenye mteremko, chai upande wetu wa kulia na mtaro kati yetu na chai. Nyuma yetu, kutoka juu, lilikuwa linashuka lori lililofeli breki. Dereva alikuwa anapiga honi, tulikuja kuambiwa, lakini mimi nakumbuka filimbi tu. Kwa kawaida Mama Lusajo alipuliza mara moja, kwa mkato, nasi tukajibana. Safari hii aliipuliza na haikukatika. Niligeuka. Lori lilikuwa limevuka mstari, linakuja upande wetu, na Mama Lusajo alikuwa ametupa mgongo, mikono juu, bendera mkononi, anatembea kulielekea. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea.

Tuliruka mtaro. Tulishika miti ya chai kama watu wanaozama. Palikuwa na bibi mmoja katika kundi letu ambaye miguu yake ilikuwa mibovu, akabaki ukingoni anaogopa kuruka, na mimi na mwenzangu tukamvuta kwa mikono mpaka akatuangukia. Filimbi ilikuwa bado inalia. Bibi alipotua ndani ya chai, ndipo ikanyamaza.

Nimeulizwa mara nyingi kama Mama Lusajo angeweza kuruka. Angeweza. Mtaro ulikuwa karibu naye kuliko ulivyokuwa karibu na bibi yule.

Katibu alikuja mbio kutoka mbele, akipita katikati ya watu waliokuwa wakilia. Alivua kitenge chake akamfunika Mama Lusajo. Kisha akasimama, na nilichokiona hapo sikukipenda kwa muda mrefu. Alianza kutupanga. Alimtuma mmoja juu ya mteremko na bendera asimamishe magari, mwingine chini, akatuambia tubaki ndani ya chai, akahesabu watoto. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Trafiki alipofika na pikipiki na kuchukua barabara mikononi mwake, Katibu akaenda kukaa ukingoni mwa mtaro, akaweka mikono mapajani, na hapo ndipo tukaona kwamba hawezi kusimama tena.

Aliitwa polisi, nikaenda naye. Safari hii alikuwa ofisa mwenyewe, mtu mzima, na alimpokea kwa heshima. Alimweleza kwamba taarifa ilikuwepo, tulikuwa upande unaotakiwa, alama zetu zilikuwepo, na dereva mwenyewe alikuwa amekiri kwamba gari lilikuwa bovu tangu lilipotoka lilikotoka.

"Ninyi hamna kosa, mama," alisema.

"Hilo nimelisikia," alisema Katibu. "Sasa andika na hili. Nani alimwambia asisogee."

"Hilo si kosa, mama."

"Nimekuambia uandike."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Siwezi kuandika kosa ambalo halipo."

Alikaa pale. Ofisa alimwambia pole, akamwambia aende akapumzike, mwishoni akainuka yeye akaenda kwenye shughuli nyingine, na Katibu bado amekaa. Nilimshika mkono ndipo akanyanyuka. Nafikiri alikuwa amekuja na matumaini ya kufungwa, na walipomnyima hilo hakujua aende wapi.

Mazishi yalikuwa Lupepo, nyumbani kwa akina Mama Lusajo. Usharika ulikodi magari. Hakuna aliyesema tutembee, hakuna aliyethubutu. Tulipokuwa njiani, tumesimama ndani ya lori la Fuso na mvua inatupiga, tulimpita Katibu. Alikuwa anakwenda kwa miguu, peke yake, mkono wa kulia, amevaa nguo nyeusi na viatu vya kufunga kamba. Dereva alipunguza mwendo, mtu mmoja akamwita. Hakuinua uso. Tukaendelea. Nilimtazama mpaka ukungu ukamchukua.

Alifika wakati wa kutupa udongo. Watu walimpisha, sijui kwa heshima au kwa kutotaka kusimama karibu naye. Baba Lusajo, mume wa marehemu, mkulima wa chai asiye na maneno mengi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kaburi. Katibu alimwendea akapiga goti, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya kwa mtu.

"Pole, Baba Lusajo."

"Mke wangu nimeishi naye tangu ujana," alisema, na alisema taratibu tu, bila hasira. "Nyumbani hakuwahi kunitii hata siku moja. Kwako alitii."

Katibu alibaki amepiga goti. Wanawake wawili walikuja wakamwinua.

Mwaka uliofuata umoja uliamua kwenda Masukulu kwa magari. Kwenye kikao hicho Katibu hakubisha. Alisema tu kwamba yeye atatembea, na kama kuna mtu anataka kutembea naye, aje na viatu. Tulikuja wachache sana, wengi wetu tuliokuwa kwenye kundi lile la mwisho. Hata yule bibi wa miguu mibovu alikuja, akakaa mbele. Fundi alikuwa ameshona reflekta mpya ya nyuma, kwa kuwa ile nyingine haikurudi.

Kabla ya sala tulingoja tusikie sheria. Katibu aliivaa reflekta ya nyuma mwenyewe, akanipa mimi ya mbele, akasema, "Wa nyuma akiona gari linakuja vibaya, apulize mara moja, halafu akimbie. Asiangalie nani amebaki. Akimbie." Aliyasema akiitazama ardhi. Kisha akarudia maneno ya mwisho, polepole, kama anamwambia mtu ambaye hatukumwona.

Nilitangulia. Nilijitahidi kufanya kama alivyokuwa akifanya, nikasimama penye kona, nikasikiliza, nikavusha watu. Kila nilipogeuka nilimtafuta kwa macho, na kila nilipomwona alikuwa mbali zaidi. Mtu wa nyuma anatakiwa akae karibu, ili filimbi isikike. Yeye alikuwa ameachia pengo kubwa hata magari yalimpita yakidhani ni mtu mwingine, hana uhusiano na sisi. Nilitaka kumsubiri. Bibi akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Si sisi anaotulinda. Anatembea na mwenzake."

Tulitembea hivyo mwaka mwingine mmoja, tukazidi kupungua, na mwaka uliofuata hakuja hata yeye. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Siku hizi wanawake wa usharika wanakwenda Masukulu kwa basi la kukodi, wanafika mapema, nguo kavu. Wanafunzi wa shule wakiwa na maandamano yao hupita mtaani wametapakaa barabara nzima, wameweka mikono mabegani, na magari yanawakwepa. Mpaka leo wamekwepwa.

Masika yaliyopita nilisikia amezidiwa, nikaenda kumwona. Njia ya kwake ilikuwa tope tupu. Nilipofika juu nilimkuta mwanamume amenipa mgongo bandani, anakatakata majani ya ng'ombe kwa panga juu ya gogo. Mzigo mwingine wa majani, uliofungwa kwa kamba ya mgomba, ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Alipogeuka nikamtambua, nikashindwa hata kusalimia vizuri. Alikuwa Baba Lusajo.

"Ugonile," aliniambia kwa Kinyakyusa, kama jirani yeyote asubuhi, akaendelea na kazi yake.

Ndani Katibu alikuwa kitandani, mto mgongoni, miguu imefunikwa kwa blanketi. Alikuwa amekonda usoni. Aliniita karibu, akaninong'oneza.

"Yupo bado?"

"Yupo, mama."

"Mwulize kama atakunywa chai."

Nilitoka nikamwuliza. Baba Lusajo alitikisa kichwa. "Hapana. Ndaga."

Nilirudi nikamwambia amesema hapana, anashukuru. Katibu aliitikia kwa kichwa, si kwa mshangao. "Hajawahi kunywa," alisema. Akanieleza kwamba miguu ilipokataa kabisa, yule ng'ombe alilia mchana kutwa, na msichana aliyeletwa na binti yake kutoka Mbeya hakujua kukata majani. Asubuhi moja ng'ombe akanyamaza. Msichana akachungulia, akasema kuna mzee bandani. Tangu hapo huja kila wiki kutoka Lupepo, mara nyingine mara mbili.

"Sikumwita," alisema. "Sijui nani alimwambia. Haingii ndani. Nazungumza naye kwa dirisha hilo."

Nilitazama dirisha. Lilikuwa dogo, la mbao, limefunguliwa nusu, na kupitia hapo sauti ya panga ilikuwa inaingia. Tulikaa tukiisikiliza. Baadaye panga lilinyamaza, akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Baba Lusajo," aliita. Sauti ilikuwa ndogo, sikudhani imefika nje. Aliita tena, akauliza jambo kwa Kinyakyusa, maneno machache, nami niligeukia ukutani kwa sababu niliona si langu kusikiliza. Kutoka nje lilikuja jibu fupi. Katibu akarudisha kichwa kwenye mto na kufumba macho.

Nilimuaga. Alinishika mkono, na hakuangalia miguu yangu.

Nilishuka mteremko pamoja na Baba Lusajo, yeye mbele na panga lake limefungwa kwenye gunia, mimi nyuma nikiogopa kuteleza. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Tulipokaribia barabara nikajikaza.

"Baba, samahani. Pale dirishani huwa anakuuliza nini?"

Tulisubiri lori lipite, maji yake yakatufikia magotini.

"Huniuliza kama nimemsamehe," alisema. "Kila nikija."

"Na wewe humwambiaje?"

"Namwambia ng'ombe ameshakula."

Barabara ilikuwa tupu sasa, lakini hakuvuka. Nilimtazama uso, uso wa mzee aliyechoka, uliolowa, na sikuona kitu ndani yake cha kunisaidia. Nikamwuliza kama kweli amemsamehe.

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, kama mtu aliyeulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza.

"Yule ng'ombe ana mimba," alisema. "Atahitaji majani mengi kuliko haya."

Kisha akaangalia huku na huku, akavuka, akashika njia ya Lupepo.